Bwana Afya Anajibu: Sumu Inayorudi Nyumbani na Nguo za Kazi

Barua za mwezi huu zimetoka kwa wingi katika mitaa ya mashariki mwa Nairobi, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: mzazi asiye na uwezo wa kuhama afanye nini ili mwanawe asidhurike na sumu iliyo katika vumbi, moshi na udongo wa mahali anapoishi. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine kwa sababu inagusa nyumba nyingi mno.

Bwana Afya, pokea salamu zangu. Mimi ni mama wa watoto watatu na tunaishi katika chumba kimoja cha kupanga. Mume wangu hununua betri za magari zilizokufa, huzipasua na kuuza madini yaliyomo kwa kilo. Zamani alikuwa akizipasulia hapa uani. Siku hizi amepata nafasi katika karakana, lakini hurudi na nguo zile zile. Mtoto wetu wa mwisho ana mwaka 1 na miezi 8. Hulia tumbo, hataki kula, na tumepewa dawa ya minyoo mara tatu bila nafuu. Jirani anasema ni sumu ya risasi. Mume wangu anasema haiwezekani kwa kuwa yeye hunywa maziwa kila siku na maziwa huondoa sumu. Ni kweli? – Mama Baraka, Kariobangi Kaskazini

Mama Baraka, nianze na maziwa, kwa maana imani hiyo nimeikuta katika karakana nyingi za mji huu, na imewafanya wanaume wengi wenye bidii waamini kwamba wamejikinga ilhali hawajajikinga. Maziwa hayaiondoi risasi iliyokwisha kuingia mwilini. Risasi ni metali, ile inayoitwa “lead” kwa Kiingereza, na ndiyo iliyomo katika betri za magari. Haiozi, haiteketei, wala hakuna kinywaji cha dukani kinachoitoa. Ikishaingia kwa pua au kwa kinywa hupita katika damu, na sehemu kubwa yake huenda kukaa katika mifupa na meno kwa miaka mingi, ikirudi kwenye damu kidogo kidogo. Ukweli uliomo katika imani hiyo ni mdogo, lakini una faida kwa mtoto: mwili uliopungukiwa na kalsiamu na madini ya chuma hufyonza risasi zaidi, kwa hiyo mtoto aliyelishwa vizuri huingiza kidogo kuliko mwenye njaa. Nitalirudia jambo la chakula hapo mbele.

Kuhusu mtoto mwenyewe, Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo huweza kufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima. Tena mtoto wa umri huo hushinda sakafuni, kila anachokishika hukipeleka mdomoni, na ubongo wake ndio kwanza unajengwa. Maumivu ya tumbo na kukosa hamu ya chakula huweza kuletwa na risasi, lakini huletwa pia na minyoo, na upungufu wa damu, na maradhi mengine. Na watoto wengi wenye risasi mwilini hawaonyeshi dalili yoyote mpaka waanze kulemewa na masomo. Kwa sababu hiyo siwezi kukuambia kwa barua kwamba mwanao ana risasi, wala jirani yako hawezi. Kitakachosema ni kipimo cha damu.

Rudi kliniki ukaeleze kazi ya mumeo kwa maneno yale yale uliyoniandikia, kwa sababu daktari asiyejua kwamba betri zilipasuliwa uani hana jinsi ya kuishuku risasi. Si kila zahanati ina kipimo hicho, hivyo omba barua ya rufaa kwenda hospitali kubwa. Damu ya mshipa ndiyo inayoaminika zaidi; ikiwa wanatoboa kidole, mkono wa mtoto uoshwe kwa sabuni kwanza, maana vumbi lililoganda kwenye ngozi linaweza kuharibu majibu. Ikionekana ana mikrogramu 5 au zaidi kwa kila desilita moja ya damu, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka chanzo kitafutwe na kuondolewa. Akifika 45, huhitaji dawa maalumu inayotolewa hospitalini chini ya uangalizi, wala si dawa ya kununuliwa kwa mtu anayetembeza. Hata dawa hiyo haitamfaa sana mtoto anayetibiwa kisha akarudishwa kwenye vumbi lile lile.

Chanzo chenyewe nadhani unacho ndani ya nyumba. Miaka ya nyuma, nilipokuwa nikizunguka katika ploti za Eastlands kwa kazi ya ukaguzi, niliingia katika chumba kimoja kisafi kabisa, vyombo vimepangwa, shuka zimetandikwa bila mkunjo, na ovaroli ya baba imetundikwa kwenye msumari juu ya kitanda alicholala mtoto. Nilichukua kitambaa cheupe, nikakilowesha, nikakipitisha juu ya ubao wa kitanda chini ya ile nguo. Kilirudi na mstari mweusi wa kijivu, mzito kama risasi ya penseli. Mama wa nyumba ile alipangusa ubao huo kila asubuhi. Hakuwa mchafu hata kidogo. Ila kila jioni nguo ilirudi kutoka kazini na kumwaga tena kile alichokipangusa. Penseli, kwa kweli, haina madini ya risasi, ni jina tu lililobaki; lakini fundi yule alikuwa akiyeyusha betri.

Kwa hiyo, mama, jambo la kwanza kabla ya yote ni nguo, na halina gharama kubwa. Mumeo aache ovaroli na viatu vyake vya kazi karakanani, na kama hakuna mahali pa kuviacha, avivulie nje, avitie kwenye mfuko wa gunia unaofungwa na usioingia chumbani kabisa. Aoge, au kwa uchache anawe mikono, uso na nywele kwa sabuni, kabla ya kumpakata mtoto. Najua mtoto humkimbilia baba mlangoni, na najua ni vigumu kwa baba kumwambia mtoto asubiri. Lakini dakika kumi za kusubiri ni afadhali kuliko vumbi linalokaa mfupani. Nguo za kazi zifuliwe peke yake katika karai lisilofuliwa nguo za watoto, na maji yake yamwagwe chooni au kwenye mtaro wa maji machafu, si uani ambako watoto hucheza.

Jambo la pili ni namna ya kusafisha. Fagio kavu huliinua vumbi hewani, likatua tena juu ya meza, kikombe na godoro. Piga deki kwa kitambaa kilicholowa, ukiwa na mabeseni mawili, moja la maji ya sabuni na jingine la kusuuzia kitambaa, maana kitambaa kinachosuuzwa katika maji yale yale hulisambaza tu vumbi. Dirisha na kizingiti visisahauliwe. Kwa maji ya kununua kwa mtungi najua utalazimika kupima. Ukipata ya kudeki mara mbili au tatu tu kwa wiki, anza na pale anapolala mtoto na pale anapochezea. Mikono yake ioshwe kabla ya kula na kabla ya kulala, na vitu vyake vya kuchezea vioshwe pia.

Kisha uko ua. Mahali palipopasuliwa betri zamani pana risasi mpaka leo, hata kama mvua za miaka mitatu zimepita hapo. Mzungumze na mwenye ploti pamoja na wapangaji wengine ili pamwagwe saruji, au pafunikwe kwa tabaka nene la udongo safi na kokoto. Mpaka hapo patakapofunikwa, watoto wasichezee hapo, na mlangoni weka gunia lililolowa la kufutia miguu. Mumeo asikubali tena kupasua wala kuyeyusha betri pale nyumbani, hata moja, hata kama mteja ana haraka. Hili peke yake ndilo nisiloweza kulitafutia njia ya katikati.

Watu wengi huniuliza kama kuchemsha maji ya kunywa kunasaidia. Kunaua vijidudu, na msiache kufanya hivyo, lakini hakuondoi risasi wala metali nyingine yoyote, kwa kuwa maji yanayopungua kwa kuchemka huiacha metali ndani ya sufuria. Na tukitaja sufuria, zile nzito zinazotengenezwa kwa kuyeyusha vyuma vya kila aina zinaweza kutoa risasi ndani ya chakula. Uchunguzi uliofanywa kwa masufuria ya namna hiyo kutoka Kameruni ulithibitisha jambo hilo. Kama unayo, usipikie wala kuhifadhia ndani yake vyakula vichachu kama mchuzi wa nyanya.

Chakula sasa. Uji wa wimbi, omena, maharagwe, ndengu na mboga za majani vitampa mwanao kalsiamu na madini ya chuma kwa bei ambayo nyama haiwezi kushindana nayo. Kamulia ndimu au mpe kipande cha chungwa pamoja na mboga, kwani tunda chachu huusaidia mwili kuchukua madini ya chuma. Chai isinywewe pamoja na mlo, kwa sababu huyazuia madini hayo. Mpe chakula kidogo mara kwa mara badala ya kumwacha na tumbo tupu kwa saa nyingi, maana tumbo tupu hufyonza risasi zaidi.

Neno la mwisho kwako, Mama Baraka: usimpokee mumeo kwa lawama. Kazi hiyo ndiyo inayolipa kodi ya nyumba, na mwenye hatari kubwa ya kwanza ni yeye mwenyewe. Mwombe apimwe siku moja na mtoto. Na kama kuna mimba njiani, usiifue ile ovaroli wewe, kwa kuwa risasi hupita kutoka kwa mama hadi kwa mtoto aliye tumboni.

Bwana Afya, ninalea wajukuu wawili. Miezi ya Juni na Julai baridi hutuzidi, nami huliwasha jiko nje, likikolea na moshi ukiisha naliingiza ndani tulale. Kuna ubaya? – Nyanya wa wajukuu, Mukuru kwa Reuben

Nyanya, nakusihi jiko lisilale ndani, usiku wa leo na usiku mwingine wowote. Moshi ukiisha, hewa ya sumu inayotoka kwenye makaa bado ipo. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, nayo humlaza mtu usingizi asiamke. Beseni la maji kando ya jiko haliizuii. Wajukuu walale pamoja wakiwa na soksi na sweta, ziba nyufa za upepo upande wa kitanda, lakini uache tundu la hewa juu ya ukuta.

Mchana pia, kupikia ndani kunawaumiza wadogo hao. Moshi wa nyumbani huongeza maradufu hatari ya nimonia kwa mtoto aliye chini ya miaka 5, na mafuta ya taa, ambayo wengi huyaona kuwa ni hatua ya juu ya makaa, Shirika la Afya Duniani lilishauri tangu 2014 kwamba yasitumiwe nyumbani. Ikiwa gesi haijawezekana, pikia mlangoni au nje, na mtoto asibebwe mgongoni wakati wa kuchochea. Punguza muda wa moto wenyewe: loweka maharagwe usiku kucha, au ununue githeri iliyokwisha kuchemshwa kwa mama wa mtaani, kwani yeye huchemsha chungu kimoja kwa ajili ya nyumba ishirini. Na usiwashe makaa kwa mfuko wa plastiki au kipande cha ndala, ijapokuwa hushika moto haraka. Moshi wake una kemikali mbaya kuliko ule wa kuni. Magunzi ya mahindi makavu na vijiti vinatosha.

Mafuta ya taa yakiwepo, yasitiwe kwenye chupa ya soda. Mtoto akiyanywa, asitapishwe kwa hali yoyote, kwa sababu yakipanda huingia mapafuni. Apelekwe hospitali mara moja, na chupa ichukuliwe. Onyo hilo hilo la chupa nalitoa kwa zile dawa za panya na mende zinazouzwa barabarani bila maandishi. Mhudumu wa hospitali hawezi kujua mtoto amekunywa nini ikiwa chupa haina jina.

Nina chekechea ya watoto arubaini katika jengo la zamani. Rangi ya mafuta ya manjano na nyekundu inabanduka, nasi tunataka kuikwangua na kupaka upya kabla ya muhula kufunguliwa. – Mwalimu, Kaloleni

Mwalimu, umefanya vyema kuuliza kabla ya kukwangua, kwa sababu kukwangua kukavu au kupiga msasa ndiko kunakoigeuza rangi iliyotulia kuwa vumbi la kuvutwa na kumezwa. Rangi za mafuta zinazong'aa, hasa za manjano, nyekundu na kijani, kwa miaka mingi zilitiwa risasi ili zikolee na kudumu. Palipo imara pasikwanguliwe. Paoshwe kwa kitambaa chenye maji na papakwe rangi mpya juu yake. Palipobanduka palowe maji kwanza, pakwanguliwe pole pole pakiwa bado pamelowa, na maganda yaangukie kwenye karatasi ya plastiki iliyotandazwa, ikunjwe na kufungwa, isichomwe. Watoto wasikaribie mpaka sakafu ipigwe deki mara kadhaa, na fundi naye avae barakoa na abadilishe nguo.

Kiwango cha Kenya kwa sasa hakiruhusu risasi izidi sehemu 90 katika sehemu milioni moja za rangi. Nunua mkebe wenye alama ya ubora na anwani ya mtengenezaji, na uchague rangi ya maji. Usiikubali ile inayopimwa kutoka kwenye pipa lisilo na jina, hata fundi akisema ndiyo anayoitumia siku zote.

Nina mimba ya miezi minne na siwezi kukaa bila kula odowa. Inaweza kumdhuru mtoto? – Mjamzito, Kayole

Inaweza, dada yangu. Mawe hayo ya kula yamewahi kukutwa na risasi, na hayapimwi na mtu kabla ya kufika sokoni. Hamu yenyewe mara nyingi huandamana na upungufu wa madini ya chuma, kwa hiyo itaje kliniki bila aibu, upimwe damu, na uvimeze vile vidonge vya madini ya chuma na foliki unavyopewa kila siku badala ya kuviacha kabatini.

Bwana Afya, kila mwezi unatuambia tuoshe mikono na tupige deki. Sisi hapa tunavuta moshi wa dampo la Dandora mchana na usiku. Atakayeufunga huo moshi ni mama zetu na vitambaa vyao? – Kijana, Korogocho

Hapana, si mama zenu, na hasira yako naiona ni ya haki. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake yako hapa hapa Gigiri, lilichapisha uchunguzi uliowapima watoto na vijana 328 wa maeneo ya karibu na dampo hilo, na nusu yao walikutwa na risasi katika damu iliyofikia au kupita mikrogramu 10 kwa desilita, kiwango kilichohesabiwa wakati huo kuwa cha sumu. Tangu hapo hakuna anayeweza kusema hakujua. Kitambaa cha mama humpunguzia mtoto wake mzigo leo, wakati kesi na barua zikienda kwa mwendo wake. Hakiziondolei serikali ya kaunti na ya taifa wajibu wao.

Sheria mnayo. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya, na Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu kwenda mahakamani juu ya haki hiyo bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye au mwingine amekwisha kupata hasara. Wakazi wa Owino Uhuru kule Mombasa walipita njia hiyo. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilikuwa kimewamwagia risasi, na Phyllis Omido, aliyekuwa amefanya kazi hapo na ambaye mwanawe mwenyewe alikutwa na risasi mwilini, aliwaongoza. Mwaka 2015 alitunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, uamuzi huo ukatenguliwa katika rufaa, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ikawapa ushindi tena. Ni miaka mingi, tena ya taabu, na sikufichi.

Anzeni na kumbukumbu. Andikeni katika daftari moja tarehe na saa za moshi mzito, na majina ya watoto waliopelekwa hospitali kwa kikohozi siku hizo, kwa idhini ya wazazi wao. Mwombeni mhudumu wa afya ya jamii wa eneo lenu naye aweke hesabu yake. Kisha mwandikie NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na kaunti barua moja yenye sahihi za wakazi, mkaombe watoto wanaoishi karibu na dampo wapimwe damu. Barua ipelekwe kwa mkono na watu wawili, ipigwe muhuri wa kupokelewa palepale, na nakala yenye muhuri ibaki kwenu.